Mweka Hazina si Sanduku la Fedha



Kila uchaguzi wa tawi unapokaribia, mazungumzo ya karakana na stesheni huwa juu ya nani atakuwa mwenyekiti na nani atakuwa katibu. Watu hubishana mpaka saa ya chai ikaisha. Lakini wakifika kwenye kiti cha mweka hazina, ubishi hukoma. Husemwa, "Mpeni fulani, ni mtu mwaminifu, hanywi pombe na hesabu anazijua." Mikono huinuliwa, na shauri limekwisha. Kutoka siku hiyo mtu huyo huachiwa daftari, kitabu cha hundi na ufunguo wa kabati, wala hapana amwulizaye neno mpaka siku ya mzozo.

Twataka kusema wazi katika ukurasa huu kwamba shida nyingi za fedha za vyama huanzia hapo. Haianzi siku fedha zinapopotea. Huanza siku watu wanapodhani kwamba kazi ya mweka hazina ni kukaa na fedha kama sanduku lenye kufuli. Fedha hukaa benki. Kazi ya mweka hazina ni kuona kwamba kila mwanachama, hata yule afagiaye jukwaa la stesheni, anaweza kujua shilingi yake iliingia lini, ilitoka lini, kwa kibali cha nani, na ilinunua nini. Asipofanya hivyo, hata kama hakuchukua senti moja, hakuifanya kazi yake.

Kwanza tukumbuke fedha hizi ni za nani. Ada ya chama ni mshahara. Hukatwa kabla mtu hajaushika mkononi, kabla ya unga, kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya karo ya mtoto. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya vyama vya wafanyakazi, yaamuru kwamba makato hayo yalipwe katika akaunti ya chama iliyotajwa. Hayapelekwi kwa mtu. Basi tangu mwanzo sheria yenyewe imekataa kumfanya mtu mmoja kuwa mfuko wa wenzake.

Sheria hiyo hiyo yampa mwanachama njia ya kutoka. Akichoka aweza kuandika barua ya kujitoa, na kuanzia mwezi unaofuata makato yake hukoma. Tena yasema kwamba mwajiri sharti akitambue chama ambacho kina zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Sasa unganisheni mambo hayo mawili. Tawi likiwa na minong'ono ya fedha, watu huanza kuandika barua. Leo watano, mwezi ujao kumi. Siku chama kinapoketi na mwajiri kudai nyongeza ya mshahara, mwajiri hahesabu sauti zetu, huhesabu fomu za makato. Nyumba yetu yaweza kubomolewa na daftari lisilosomwa, na mwajiri asiinue hata kidole.

Wako watakaosema, "Sisi twamwamini mweka hazina wetu. Kumkagua ni kumtukana." Neno hili twalisikia mara nyingi, na lafaa kujibiwa kwa kazi tunayoijua wenyewe. Katika njia moja ya reli, ambapo magari ya kwenda na ya kurudi hupita juu ya reli zile zile, wazee wetu walifanya kazi kwa tokeni. Dereva hakuingia katika sehemu ya njia mpaka akabidhiwe tokeni ya sehemu ile mkononi, na akifika mwisho wa sehemu huirudisha. Dereva wa miaka 25 aliidai sawasawa na dereva wa juzi. Hatujasikia dereva aliyelalamika kwamba stesheni masta amemtukana kwa kumpa tokeni. Alijua kwamba kile kipande cha chuma kinamlinda yeye mwenyewe, gadi wake, na abiria waliolala nyuma. Ukaguzi wa hesabu ni tokeni ya mweka hazina.

Wafanyakazi wa Uingereza walijifunza jambo hili zamani, kabla ya wengi wao kuwa na akaunti ya benki. Vyama vyao vya kusaidiana katika ugonjwa na mazishi viliweka fedha katika sanduku, na masanduku mengi yalikuwa na kufuli tatu. Funguo zilishikwa na watu watatu mbalimbali, na sanduku halikufunguka mpaka wote watatu wawepo. Watu wale hawakuwa wezi kuliko sisi, wala hawakuwa malaika. Walijua tu kwamba mtu mmoja aliye peke yake na fedha za watu yuko hatarini, na fedha ziko hatarini pamoja naye.

Hata dini zetu hazikuliacha jambo hili. Katika Biblia, Kitabu cha Pili cha Wafalme chaeleza jinsi sanduku la sadaka za kutengeneza hekalu lilivyotobolewa tundu kwenye kifuniko, na fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja. Katika Kurani, sura ya Al-Baqara, waumini waamriwa kuandika madeni yao mbele ya mashahidi wawili. Ikiwa kuhani mkuu hakuachiwa kuhesabu peke yake, mweka hazina wa tawi aachiwe kwa sababu gani?

Sasa tuseme kazi yenyewe, kwa maana wengine huchaguliwa bila kuelezwa.

Fedha ikiingia, risiti huandikwa saa ile ile, yenye nambari, jina, kiasi na sababu. Nakala hubaki kitabuni. Risiti iliyokosewa haichanwi, hupigwa mstari na kubaki mahali pake, ili nambari zifuatane bila pengo. Fedha hupelekwa benki nzima, kama ilivyoingia, kabla hakijatumika kitu. Mtu akipokea shilingi 5,000, akalipa nauli shilingi 800 humo humo, kisha akapeleka benki shilingi 4,200, basi amekwisha kuivuruga hesabu, hata kama nauli ilikuwa ya haki.

Fedha ikitoka, iwe kwa vocha yenye sahihi ya aliyeiomba, sahihi ya aliyeikubali, na risiti ya aliyelipwa. Anayekubali malipo asiwe ndiye anayelipa. Anayelipa asiwe ndiye anayekagua. Wala mtu asijiidhinishie malipo yake mwenyewe, awe mwenyekiti, awe katibu, awe mweka hazina. Hundi ziwe na sahihi zaidi ya moja, na hapana ruhusa kamwe kutia sahihi hundi tupu kwa sababu eti "nasafiri kesho." Hundi tupu yenye sahihi ni mlango ulioachwa wazi usiku.

Na kila mwezi, hesabu ya daftari ilinganishwe na taarifa ya benki. Hapa ndipo wengi huogopa, wakidhani ni elimu ya chuo kikuu. Hebu tutazame mfano, na mtaona kwamba mtu wa shule ya msingi aweza kuufuata.

Tuseme tawi lina wanachama 120, na sehemu ya ada inayobaki kwa tawi ni shilingi 200 kwa kila mmoja. Yapasa ziingie shilingi 24,000 kwa mwezi. Lakini zimeingia 22,600. Zimepungua shilingi 1,400, ambazo ni ada za watu saba. Mweka hazina wa kweli hasemi "zimepungua kidogo." Hutafuta ni watu gani saba. Pengine wawili wamestaafu, mmoja amehamishwa Mombasa na bado jina lake liko katika orodha ya zamani, na wanne walikatwa mishahara lakini fedha hazikuletwa. Hao wanne ni jambo la kumwandikia mwajiri barua siku hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa mwezi tawi lilikuwa na shilingi 38,400. Ongeza 22,600 zilizoingia, jumla ni 61,000. Matumizi yalikuwa haya: kodi ya ofisi 6,000, nauli za wajumbe 3,500, karatasi na wino 1,800, na rambirambi kwa familia ya mwenzetu 10,000. Jumla ya matumizi ni 21,300. Toa 21,300 katika 61,000, yabaki 39,700. Hilo ndilo salio la daftari.

Taarifa ya benki inakuja, nayo yasema salio ni shilingi 49,700. Je, tumepata shilingi 10,000 kutoka mbinguni? La. Ile hundi ya rambirambi imeandikwa lakini familia haijaipeleka benki. Toa 10,000 katika 49,700, yabaki 39,700, sawasawa na daftari. Mwezi huo umefungwa. Kama hazikulingana, hata kwa shilingi 50, mtu asilale mpaka sababu ijulikane. Shilingi 50 isiyojulikana ilikokwenda ni ufa, na wahenga walituambia kuhusu ufa na ukuta.

Ziko fedha ndogo za mkononi, za stempu, chai ya mkutano na nauli ya mjumbe. Hizi zina njia rahisi iliyojaribiwa. Kamati huweka kiasi maalumu, tuseme shilingi 5,000. Siku yoyote, saa yoyote, fedha zilizo kwenye kijisanduku pamoja na risiti za zilizotumika lazima zifike 5,000. Ukikuta fedha 1,900 na risiti za 3,100, mambo ni sawa. Ukikuta fedha 1,900 na risiti za 2,600, uliza ziko wapi 500. Zikikaribia kwisha, risiti hupelekwa kwa kamati, hukubaliwa, na kijisanduku hujazwa tena mpaka 5,000, bila kuzidi.

Siku hizi kuna jambo jipya ambalo wazee wetu hawakulijua. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, michango mingi ya msiba na ya dharura hutumwa kwa simu, na mara nyingi kwa simu ya mweka hazina mwenyewe. Ni rahisi, na twaelewa sababu yake. Lakini tazameni hatari yake. Fedha za chama huchanganyika na fedha za nyumba yake. Mke au mume akituma za karo, huingia mahali pale pale. Anunuapo maziwa, hulipa kutoka pale pale. Ikifika mwisho wa mwezi, hata yeye mwenyewe hawezi kuapa ni shilingi ngapi za chama na ngapi zake. Na Mungu akimwita usiku, fedha zilizo katika simu yake huhesabiwa kuwa mali ya marehemu. Tawi litasimama mlangoni kwa wafiwa likidai, na hilo ni jambo la aibu kwa pande zote. Tawi lifungue nambari kwa jina la chama, inayopeleka fedha katika akaunti ya chama. Simu ya mtu ibaki simu ya mtu.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini twasisitiza taarifa ya benki wakati hesabu za mwaka huchapwa na kukaguliwa? Tumeona wenyewe. Mwaka 2025 nchi nzima ilisikia habari za KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo. Taarifa ya ukaguzi maalumu ilieleza upungufu wa zaidi ya shilingi bilioni 13, na kwamba hesabu za miaka ya nyuma zilionyesha hali nzuri kuliko ilivyokuwa. Nani alikosa ni kazi ya mahakama, nasi hatutahukumu hapa. Lakini fedha zile zilikuwa akiba za vyama vingi, na nyuma ya kila chama kuna walimu, makarani, wakulima na wafanyakazi kama sisi. Fundisho moja ni wazi kwa kila tawi dogo: karatasi iliyochapwa vizuri haitoshi. Yapasa karatasi ilinganishwe na kitu ambacho mwandishi wa karatasi hawezi kukigeuza, na kwetu kitu hicho ni taarifa inayotoka benki moja kwa moja mpaka mbele ya kamati nzima.

Twasema kamati nzima kwa makusudi. Iko desturi mbaya kwamba fedha ni mambo ya mweka hazina, na wajumbe wengine ni wa kupiga makofi. Mjumbe aliyeketi kwenye mkutano hesabu zikisomwa, akanyamaza bila kuelewa, kisha akainua mkono kuzipitisha, ameweka sahihi yake hapo. Fedha zikipotea hawezi kusema, "Mimi nilikuwa mjumbe wa kawaida." Mjumbe asiyeelewa aseme sielewi. Si aibu. Aibu ni kupitisha usichokijua kwa niaba ya watu 120 ambao hawakuwepo.

Nasi wanachama tusijifiche. Tumeyaona katika mikutano mingi: hotuba zikisomwa watu wamejaa, na mara mwenyekiti akisema, "Sasa hesabu," nusu ya watu hutoka nje kunyoosha miguu. Wakirudi husikia, "Zimepitishwa," nao hushangilia pamoja na wengine. Miezi sita baadaye hao hao ndio wasemao kwa sauti kubwa kwamba chama kimeliwa. Sheria yampa mwanachama haki ya kuangalia vitabu vya hesabu za chama chake kwa nyakati zilizowekwa na katiba ya chama. Chama nacho chapaswa kukaguliwa hesabu kila mwaka na kupeleka taarifa kwa Msajili. Mtu aliyehukumiwa kwa kosa la hila au udanganyifu hawezi kuwa afisa wa chama. Hizo ni haki kubwa, lakini haki isiyotumika ni kama mluzi katika mfuko wa gadi aliyelala.

Pamoja na hayo twataka kuwatetea waweka hazina walio wema, nao ndio wengi. Wafanya kazi hii baada ya zamu, chini ya taa ya nyumbani, bila malipo ya maana. Wengi wao hawatishwi na wizi, hutishwa na maneno. Mtu anunua pikipiki kwa mkopo wake wa halali, na kesho yake karakana yote yasema ni fedha za msiba. Atajitetea kwa nini? Hana kitu ila daftari. Kama daftari limeandikwa, vocha ziko, taarifa ya benki imelingana na kamati imetia sahihi kila mwezi, basi atalifungua mezani na maneno yatakwisha siku ile ile. Kama halipo, ataondoka kiti chake akiwa na jina la mwizi hata kama mikono yake ni safi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba heshima ya mtu nayo hupotea hivyo hivyo.

Kwa hiyo anayemshuku mweka hazina aulize mkutanoni, aombe vitabu, asome. Asinong'one kwenye kantini. Na mweka hazina akiulizwa asikasirike, alete daftari. Akikasirika kwa swali la haki, hilo lenyewe ni jambo la kamati kuliangalia.

Twaomba basi kila tawi, kabla ya kuinua mikono katika uchaguzi ujao, likubaliane juu ya mambo haya na kuyaandika katika kumbukumbu za mkutano. Hesabu ya kila mwezi, ya ukurasa mmoja, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na taarifa ya benki ionekane na kamati yote. Hapana fedha ya chama kukaa katika simu au akaunti ya mtu yeyote. Kijisanduku cha fedha ndogo kihesabiwe bila kutangaza siku, na mjumbe asiye mweka hazina. Katika mkutano mkuu hesabu zisomwe kwanza, kabla ya hotuba, wakati watu wangali wengi na wangali macho. Na mweka hazina anayeondoka akabidhi vitabu, hundi zilizobaki na salio mbele ya mashahidi, kwa hati yenye sahihi yake na ya anayepokea, kabla ya mkono mpya kugusa kitu chochote.

Hayo hayahitaji fedha nyingi wala wataalamu. Yahitaji karatasi, kalamu, na wanachama watakaobaki kitini hesabu zikisomwa. Ndugu, mkimchagua mweka hazina msimuulize tu kama ni mwaminifu. Mwulizeni ataleta taarifa ya benki tarehe ngapi ya kila mwezi. Kisha siku hiyo ikifika, mwende mkaisome.